Skuli Ijengwe kwa Kipimo cha Watoto Wote

Tarehe 23 Septemba, 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Marehemu Mzee Abeid Amani Karume alitangaza kwamba elimu katika Visiwa hivi itatolewa bila ya malipo. Tangu siku hiyo mtoto wa mkulima wa Micheweni na mtoto wa mvuvi wa Nungwi wakapata haki ya kukaa darasa moja na mtoto wa tajiri wa mjini, bila ya kuulizwa baba zao wana nini mfukoni. Tamko lile liliuvunja ukuta mkubwa, ukuta wa ada, na kila mwaka tunapoiadhimisha siku hiyo tunafanya jambo la haki.

Lakini kuvunja ukuta mmoja si kumaliza kazi. Wako watoto ambao hawadaiwi ada, wanaandikishwa, wanapewa daftari, na bado hawasomi. Yupo anayekaa mstari wa nyuma asiyeyaona maandishi ya ubaoni. Yupo asiyesikia, ambaye mwalimu wake husema huku akiwa amewapa wanafunzi mgongo. Yupo mwenye miguu dhaifu ambaye darasa lake limewekwa ghorofa ya pili. Yupo aliye mzima wa viungo vyote, ila herufi humchanganyikia machoni, na kwa sababu hiyo huitwa mvivu hadi mwenyewe akaamini. Hakuna mtu aliyewafukuza hawa. Wamefukuzwa na ngazi, na ubao, na kitabu, na desturi yetu ya kufundisha kwa njia moja tu.

Kwa muda mrefu skuli zetu, na za nchi nyingi duniani, zimejengwa kwa kipimo cha mtoto mmoja wa kufikirika: mwenye macho makali, masikio mazima, miguu yenye nguvu, akili yenye haraka na nyumba yenye taa. Mtoto anayelingana na kipimo hicho husoma. Asiyelingana naye hutafutiwa msaada baadaye, ukipatikana. Yatupasa tuugeuze mwendo huu. Skuli, kitabu, somo na mtihani vipimwe tangu mwanzo kwa watoto wote wanaotarajiwa kuingia mlangoni, ili msaada wa baadaye uwahusu wachache wenye haja maalumu.

Fikra ilikoanzia

Jambo hili wataalamu wameliita usanifu kwa wote, na asili yake ni kazi ya ujenzi. Mwasisi wa jina hilo ni Ronald Mace, msanifu majengo wa Marekani. Akiwa na umri wa miaka 9 alipatwa na ugonjwa wa kupooza, na tangu hapo akatumia kiti cha magurudumu. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu ilibidi abebwe na watu kupanda na kushuka ngazi ili ahudhurie masomo. Alipohitimu hakutaka wajengewe walemavu majengo yao peke yao. Alifundisha kwamba jengo lolote lichorwe tangu mwanzo kwa namna itakayomfaa mtu yeyote: mzee, mjamzito, mtoto, mwenye mzigo na mwenye magongo. Mwaka 1997, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, yeye na wenzake walitoa kanuni 7 za usanifu huo.

Fikra hiyo ilihama kutoka katika majengo ikaingia katika masomo. Mwaka 1984, katika jimbo la Massachusetts, walimu na wanasaikolojia wachache, miongoni mwao Anne Meyer na David Rose, waliunda taasisi iliyoitwa CAST. Mwanzo walimtazama kila mtoto peke yake, wakimtafutia chombo cha kumsaidia kuisoma kazi ya darasani. Baada ya miaka kadhaa walitambua kwamba walikuwa wakimtengeneza mtoto ilhali kilichokuwa na kasoro ni kitabu. Kitabu kilichochapwa kwa herufi ndogo, kisichosomeka kwa sauti wala kuguswa, ndicho kilichokuwa kilema. Kutokana na hayo waliweka misingi mitatu: mwalimu awape wanafunzi zaidi ya njia moja ya kulipata somo, awape zaidi ya njia moja ya kuonesha walichokielewa, na awape zaidi ya sababu moja ya kulipenda somo na kudumu nalo.

Umoja wa Mataifa nao uliikubali fikra hiyo. Mwezi Juni 1994, katika mji wa Salamanca nchini Hispania, wajumbe wa serikali 92 na jumuiya 25 za kimataifa walikubaliana kwamba skuli za kawaida ndizo zinazopasa kuwapokea watoto wote. Tarehe 13 Disemba, 2006 ukapitishwa Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 2 kinaeleza maana ya usanifu kwa wote na kifungu cha 24 kinazungumzia elimu. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 2009. Hapa Zanzibar watu wenye ulemavu wenyewe waliunda umoja wao, UWZ, tangu mwaka 1985. Na Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria ya haki zao mwaka 2006, kisha likatunga sheria mpya mwaka 2022. Kwa hiyo hatupungukiwi na maandishi. Kinachosubiriwa ni maandishi hayo yashuke kutoka makabatini yaingie darasani.

Chuoni tulisomaje?

Wapo watakaosema kwamba hizi ni fikra za wageni. Na watazame kwanza nyumbani. Sisi tuliopitia chuoni tunakumbuka jinsi somo lilivyokuwa likiingia kwa milango mingi kwa wakati mmoja. Mwalimu alisoma, nasi tukaitikia. Hilo lilikuwa somo la sikio na la ulimi. Herufi ilionekana katika juzuu na kidole kikaifuata. Hilo lilikuwa somo la jicho na la mkono. Aliyetangulia alimshika aliye nyuma yake na kumsomesha. Kila mtoto alikuwa na mahali pake alipofikia, huyu yupo katika alifu, yule amekaribia kuhitimu, wala hakuna aliyengojwa wala aliyeachwa kwa kuwa hakwenda sambamba na wenziwe.

Ndiyo maana katika mwambao wetu haikuwa ajabu kumwona mtu asiyeona aliyehifadhi msahafu mzima. Masikio yalimtosha, kwa sababu ufundishaji ule haukuyategemea macho peke yake. Na kila aliyesoma sira anamjua Ibn Umm Maktum, sahaba asiyeona, aliyekuwa mmoja wa waadhini wa Mtume mjini Madina. Chuo kilikuwa na kasoro zake, na bakora ilikuwa mojawapo. Lakini katika jambo hili la kulifikisha somo kwa njia nyingi, wazee wetu walikuwa na hekima ambayo skuli ya kisasa iliipoteza iliposadiki kwamba kusoma ni kunakili kilichoandikwa ubaoni.

Hata katika zama za karibuni Visiwa vyetu vimetoa mfano. Kuanzia mwaka 2006 ulifanyika hapa mradi wa masomo ya redio kwa watoto wadogo, uliojulikana kwa jina la Tucheze Tujifunze. Watoto walikusanyika, redio ikatoa hadithi, nyimbo na maswali, nao wakaimba, wakahesabu, wakaruka na kujibu, huku mwalimu akiongoza. Sauti ya redio haikumbagua mtoto kwa sababu kijiji chake hakina jengo zuri. Basi tusiambiane kwamba hatuwezi.

Somo la maji kujaa na kupwa

Ili jambo lisibaki kuwa maneno ya kongamano, tuchukue somo moja linalojulikana na kila mtu wa kisiwani: kujaa na kupwa kwa bahari. Mwalimu wa desturi huandika ubaoni maelezo ya aya tatu, akawaamuru wanafunzi wayanakili, na wiki ifuatayo akawatahini kwa maandishi. Katika darasa la watoto 60, asiyeona vizuri amenakili nusu. Kiziwi amenakili yote bila ya kuelewa. Mzito wa kusoma bado yupo katika sentensi ya kwanza kengele inapolia. Na mtoto wa mvuvi, ambaye anajua kwa yakini saa ya kulitoa dau, hupata sifuri kwa sababu hakuweza kuyaandika anayoyajua.

Mwalimu aliyelisanifu somo lake kwa wote hufanya hivi. Kwanza hueleza kwa kinywa, uso wake ukiwaelekea watoto, polepole, ili asiyesikia vyema aifuate midomo yake na asiyeona amsikie. Kama darasani yumo kiziwi anayetumia lugha ya alama, mwalimu au mkalimani huyafikisha maneno hayo kwa mikono. Pili huchora ubaoni jua, mwezi na dunia kwa mistari minene, na huku akichora husema anachokichora. Tatu huwapa watoto vitu vya kushika: nazi iwe dunia, chungwa liwe jua, limau liwe mwezi, na asiyeona huvipanga kwa vidole vyake mpaka akaelewa kwamba bamvua huja pale vitatu hivyo vinapokaa katika mstari mmoja, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Nne, ikiwa bahari ipo karibu, huwapeleka ufukweni wakachomeka kijiti mahali maji yalipofika, wakarudi kesho wakaona kwamba saa ya kujaa imechelewa kwa kiasi cha dakika 50. Wanaweza pia kuwauliza mama zao wanaolima mwani kwa nini huenda shambani wakati wa bamvua, wakati ambapo maji hupwa sana na pwani yote ikawa wazi.

Unapofika wakati wa kupima, mwalimu huyo huruhusu majibu ya namna mbalimbali. Anayeandika, aandike. Anayechora, achore na aeleze mchoro wake. Anayejua kusema kuliko kuandika, asimame aseme. Kinachopimwa ni kimoja kwa wote, kwamba mtoto anajua au hajui kwa nini bahari hujaa na kupwa. Kiwango cha elimu hakikushushwa hata chembe. Kilichoondolewa ni kikwazo kisichokuwa na uhusiano wowote na somo.

Na itazamwe faida yake kwa wengine. Nazi na chungwa vililetwa kwa ajili ya asiyeona, lakini darasa zima lilielewa. Mwalimu aligeuza uso kwa ajili ya asiyesikia, lakini hata aliyekuwa akisinzia aliamka. Ndivyo ulivyo usanifu huu kila mahali. Njia ya mteremko huwekwa kwa ajili ya kiti cha magurudumu, na juu yake akapita mpishi na rukwama ya kuni, mama na mtoto mgongoni, na mzee mwenye bakora yake.

Hesabu za fundi

Katika miaka ya karibuni Serikali imejenga skuli za ghorofa Unguja na Pemba ili kupunguza msongamano na mikondo miwili. Ni hatua kubwa, na kwa hiyo ndiyo saa ya kusema. Fundi wa jahazi huanza kwa mkuku. Mkuku ukienda kombo, hakuna tanga litakalolinyoosha jahazi.

Kipimo kinachokubaliwa na wasanifu wengi ni kwamba njia ya mteremko iende mita 12 kwa kila kimo cha mita 1. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja ni kimo cha sentimita 45, na njia yake ni mita 5 na nusu hivi. Hiyo ni kazi ndogo, ambayo kamati ya skuli na wazazi wanaweza kuimaliza kwa siku chache. Lakini ghorofa moja yenye kimo cha mita 3 inahitaji njia ya mita 36, bila ya kuhesabu mahali pa kupumzikia. Njia hiyo ikiwemo katika ramani, hupatikana nafasi yake na gharama yake. Isipokuwemo, atakayekuja kuidai baada ya jengo kufunguliwa ataambiwa kwamba uwanja hautoshi na fedha zimekwisha. Na pale ambapo njia hiyo au lifti haipo, ipo dawa isiyogharimu kitu: mwalimu mkuu apange madarasa upya, na darasa lenye mtoto asiyeweza kupanda ngazi likae chini pamoja na wenziwe wote, asitengwe peke yake.

Yako na mengine ambayo fundi anapaswa kuyajua. Mlango uwe na upana wa kupitisha kiti cha magurudumu, wa darasa na wa choo vilevile. Kwani wasichana wengi huacha skuli kwa sababu ya choo kabla ya kuacha kwa sababu ya somo. Ubao upakwe rangi isiyong'ara. Chini ya bati litiwe dari, maana mvua ya masika inapopiga juu ya bati tupu, mwenye masikio mazima na asiyesikia wanakuwa sawasawa. Madirisha yalete mwanga kutoka ubavuni, na mtoto mwenye ualbino akae mahali ambapo jua halimpigi usoni, wala asivuliwe kofia kwa kisingizio cha sare.

Majibu kwa wenye shaka

Hoja ya kwanza ya wenye shaka ni umasikini. Wanasema nchi yenye uhaba wa madawati haiwezi kufikiria anasa hizi. Tunawajibu kwamba ujenzi wa mara mbili ndio anasa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mtoto asiyesomeshwa akiwa mdogo hulishwa na jamii akiwa mkubwa. Aidha, mengi tuliyoyataja hayana bei: kugeuza uso, kusoma kwa sauti kilichoandikwa ubaoni, kuwaweka wasioona vizuri mstari wa mbele, kuwakalisha watoto wawili wawili wasaidiane.

Hoja ya pili ni kwamba walemavu ni wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu bilioni 1.3, yaani mtu 1 katika kila 6, wana ulemavu mkubwa wa namna moja au nyengine. Na hata kama wangekuwa wachache, hatuwazungumzii wao peke yao. Mtoto aliyeamka na njaa, mtoto aliyevuka kwa mashua kutoka kisiwa kidogo akafika amechoka, na mtoto aliyekosa wiki mbili kwa homa, wote hawa wanahitaji somo lenye milango zaidi ya mmoja. Lugha nayo ni ngazi miongoni mwa ngazi. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliamua kwamba Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la 5. Popote mtoto anapobadilishiwa lugha, mwalimu ana wajibu wa kumwekea njia ya mteremko, kwa picha, kwa vitendo na kwa maelezo ya Kiswahili, asije akahesabiwa hajui hisabati ilhali hajui maneno tu.

Hoja ya tatu ni kinyume cha hizo: kwamba usanifu kwa wote utaondoa walimu maalumu. La hasha. Mtoto asiyeona bado anahitaji kufundishwa maandishi ya nukta nundu, ambayo Mfaransa Louis Braille aliyachapisha mwaka 1829. Kiziwi bado anahitaji lugha ya alama, tena tangu utotoni. Mkataba wa mwaka 2006 wenyewe unasema wazi kwamba usanifu kwa wote hauzuii vyombo maalumu pale vinapohitajiwa. Mlango mpana haumwondolei mtu haja ya fimbo yake, lakini fimbo haina faida mbele ya mlango mwembamba.

Wajibu wa kila mmoja

Kwa hiyo, kwanza, wenye dhamana ya ujenzi wasipitishe ramani ya skuli yoyote, ya Serikali au ya binafsi, mpaka waoneshwe kwa kidole mtoto wa kiti cha magurudumu atapita wapi kutoka getini hadi darasani, na kutoka darasani hadi chooni. Na ramani hiyo watazameshwe watu wenye ulemavu kabla ya msingi kuchimbwa.

Pili, kitabu cha kiada kinapotolewa, kitolewe siku hiyohiyo kwa herufi kubwa, kwa nukta nundu na kwa sauti. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 uliondoa kizuizi cha haki za waandishi katika kazi hiyo, na Tanzania imekwisha kujiunga nao.

Tatu, vyuo vya ualimu na vituo vya walimu vifanye jambo hili kuwa sehemu ya mafunzo ya kila mwalimu, lisiachiwe wale tu waliochagua fani ya elimu maalumu. Mwalimu wa Jiografia asiyejua kumfundisha asiyeona hajamaliza kujifunza kufundisha Jiografia.

Nne, wenye dhamana ya mitihani wapange mapema muda wa ziada, karatasi ya herufi kubwa na msomaji kwa anayestahiki. Mzazi asilazimishwe kwenda kuomba hayo kama anayeomba fadhila.

Tano, masheha na viongozi wa Chama wa ngazi ya shina na tawi wanazijua nyumba zote. Wanajua ni wapi mtoto amefichwa chumba cha ndani kwa haya ya wazazi. Waende wakabishe hodi, wazungumze na wazazi kwa upole na heshima, na mtoto huyo aandikishwe. Lakini wasimtoe ndani wakampeleka katika skuli ambayo haikumtarajia, kwani akirejea nyumbani baada ya mwezi mmoja, haya ya wazazi wake itakuwa imepata hoja.

Wazee waliotangulia walirithi elimu ya wachache wakaifanya kuwa elimu ya watu, na walifanya hivyo katika nchi iliyokuwa masikini kuliko ilivyo leo. Hawakungoja hazina ijae. Kazi iliyobaki haihitaji tamko jipya. Inahitaji kwamba kesho asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, kila mwalimu mkuu azunguke skuli yake akiwa na kamati yake, ahesabu ngazi, apime milango, akae mstari wa mwisho autazame ubao, kisha aandike orodha ya yale yawezayo kutengenezwa wiki hii bila ya kuomba fedha kwa mtu. Orodha ya pili, ya yale yanayohitaji fedha, aipeleke kwa Afisa Elimu wa Wilaya. Na Afisa huyo ajue kwamba wananchi watakuja kuiulizia.